Kifungo kifupi, faini au huduma kwa jamii: uchaguzi wa adhabu kwa makosa madogo nchini Uganda

Katika mahakama za mahakimu nchini Uganda, kuanzia Buganda Road jijini Kampala hadi Arua, Mbale na Kasese, wengi wanaosimama kizimbani hawakuua mtu wala hawakushika silaha. Mmoja amekata mkungu wa matoke katika shamba lisilo lake, mwingine amempiga jirani katika ugomvi wa mpaka, mwingine amekutwa na betri ya pikipiki ambayo hawezi kueleza ameipata wapi. Akikiri kosa, au likithibitika, hakimu anaweza kumfunga kwa miezi michache, kumtoza faini, au kumpa amri ya huduma kwa jamii. Zipo njia nyingine pia, kama onyo na uangalizi wa afisa wa ustawi, lakini hizo tatu ndizo nitakazozilinganisha hapa.

Nawaandikia watu wa aina tatu. Kwanza ni mshtakiwa mwenyewe na jamaa zake, ambao mara nyingi hudhani hawana la kuamua, ilhali huduma kwa jamii haitolewi bila ridhaa ya mkosaji. Pili ni wajumbe wa kamati za huduma kwa jamii za wilaya na viongozi wa mitaa na vijiji, ambao hutoa taarifa kuhusu tabia na makazi ya mtu. Tatu ni wale wanaogawa fedha za umma kati ya magereza na adhabu zinazotumikiwa nje ya gereza. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyosoma: kwa mtu mzima aliyetenda kosa dogo kwa mara ya kwanza na mwenye makazi yanayojulikana, huduma kwa jamii ndiyo bora kuliko zote tatu, lakini ubora huo hupungua kila siku anayokaa rumande akingoja kuhukumiwa. Habari za watoto siziingizi hapa, kwa kuwa wana sheria yao.

Sheria inaruhusu nini

Sheria ya Huduma kwa Jamii ilitungwa mwaka 2000. Inahusu makosa ambayo mahakama inaweza kuyatolea kifungo kisichozidi miaka miwili, na inamruhusu hakimu, badala ya kumpeleka mkosaji gerezani, kumwamuru afanye kazi ya manufaa ya umma bila malipo kwa muda usiozidi miezi sita na kwa saa zisizozidi nane kwa siku. Kabla ya kutoa amri, hakimu hupima mazingira ya kosa, tabia na historia ya mkosaji, kisha humuuliza kama anakubali. Ni lazima pia amweleze, kwa lugha anayoielewa, maana ya amri hiyo na masharti yake. Sharti hili la lugha si la kupuuzwa katika nchi ambayo mshtakiwa anaweza kuwa anajua Kilugbara tu, mwendesha mashtaka akawa mzoefu wa Kiganda, na kumbukumbu za kesi zikaandikwa kwa Kiingereza. Mtu aliyekubali asichokielewa hukosa kufika kazini wiki ya pili, kisha huitwa mkaidi. Na anayevunja amri hurudishwa mahakamani, ambako amri inaweza kubadilishwa au kufutwa, na adhabu nyingine ikatolewa kwa kosa lilelile la awali.

Uganda haikuwa peke yake katika njia hiyo. Zimbabwe ilianza mapema katika miaka ya 1990, Azimio la Kampala la mwaka 1996 kuhusu hali za magereza barani Afrika likahimiza matumizi ya adhabu hiyo, mkutano wa Kadoma, Zimbabwe, wa mwaka 1997 ukaieleza kwa kina, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1998. Sababu iliyosukuma nchi hizo zote ilikuwa moja, nayo ni msongamano.

Gerezani pakoje

Magereza ya Uganda yana nafasi rasmi za watu wapatao 20,000, na yamekuwa yakishikilia zaidi ya 70,000. Maana yake ni kwamba pale palipopangwa kulala mtu mmoja wanalala zaidi ya watatu. Karibu nusu ya watu hao hawajahukumiwa. Takwimu hizi hutajwa mara nyingi hadi zikapoteza makali, kwa hiyo ni afadhali kuzitazama kwa karibu: ni watu waliojipanga ubavu kwa ubavu sakafuni, wanaogeuka kwa pamoja usiku, katika chumba ambamo mmoja akikohoa kwa kifua kikuu wote wanavuta hewa yake. Mama anayenyonyesha huingia humo na mtoto wake.

Kifungo cha miezi mitatu, kikitazamwa kwenye karatasi, ni adhabu ndogo. Kwa mkulima wa Busoga au Buganda, kikianza mwanzoni mwa Machi kinakula mvua za kwanza zote, na familia yake itaingia Julai bila mahindi wala maharage ya kuvuna. Kwa dereva wa bodaboda anayelipa pikipiki kwa mkopo, wiki chache tu zinatosha pikipiki kuchukuliwa na aliyemkopesha. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Katwe au Kisenyi, kodi ya miezi miwili isiyolipwa maana yake ni mlango uliobadilishwa kufuli. Hakuna hakimu aliyeziandika adhabu hizi za ziada katika hukumu yake, na hakuna sheria inayozipima zilingane na kosa. Mtu aliyeiba kitu cha shilingi 30,000 anaweza kutoka gerezani akiwa amepoteza mali ya mara ishirini ya hiyo, na aliyeibiwa asipate hata shilingi.

Hata hivyo, kifungo kifupi kina jambo moja ambalo watetezi wa adhabu mbadala hulipita haraka mno. Kwa muda ule mtu alipo ndani, kijiji kinalala. Mlalamikaji ambaye kuku wake wameibwa mara tatu na mtu yuleyule hataki kusikia habari za msongamano. Anataka mapumziko, na anayo haki ya kuyataka. Anayepima adhabu bila kumhesabu mtu huyu anapima upande mmoja tu. Lakini mapumziko hayo ni mafupi kama kifungo chenyewe, na swali linalobaki ni mtu atakayetoka atakuwa wa namna gani.

Utafiti unasema nini kuhusu kurudia uhalifu

Hapa panahitaji mwendo wa polepole, kwa sababu wapo wanaosema kwamba utafiti umekwisha kuamua. Haujaamua kwa namna wanavyosema.

Tuanze na ushahidi unaopendeza. Nchini Uholanzi, Hilde Wermink na wenzake walichapisha mwaka 2010 ulinganisho kati ya watu waliopewa huduma kwa jamii na watu waliofungwa kwa muda mfupi, wakiwaoanisha wale waliofanana kwa umri, kwa historia ya makosa na kwa mambo mengine yaliyomo katika kumbukumbu. Waliofanya kazi ya jamii walirudia uhalifu kwa kiwango kilichopungua kwa karibu nusu. Ni tofauti kubwa. Udhaifu wake ni kwamba hakimu huona mambo ambayo hayaandikwi: anaona kama mke wa mshtakiwa amekuja mahakamani, kama mwajiri ameandika barua, kama mtu anajibu kwa heshima au kwa jeuri. Mambo hayohayo humfanya hakimu amwachie mtu huduma kwa jamii, na mambo hayohayo humzuia mtu kurudia kosa. Watafiti wanaolinganisha kwa kumbukumbu pekee hawawezi kuyatenganisha yote.

Dawa ya udhaifu huo ni kupanga watu kwa bahati nasibu, jambo ambalo mahakama chache sana duniani zimewahi kulikubali. Jimbo la Vaud nchini Uswisi lilikubali. Martin Killias na wenzake waliwachukua watu waliohukumiwa vifungo visivyozidi siku 14, kura ikaamua nani aende gerezani na nani afanye kazi ya jamii, kisha watu hao wakafuatiliwa kwa miaka 11. Tofauti ya kurudia uhalifu kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuitegemea. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Patrice Villettaz, katika toleo lake la mwaka 2015, yalikuta mwelekeo huohuo: tafiti zenye mbinu hafifu huzipendelea adhabu za nje ya gereza, na zile zenye mbinu imara zaidi huonyesha kwamba makundi yanakaribia kulingana. Mwaka 2021 Damon Petrich na wenzake walikusanya tafiti 116 na kukuta kwamba kifungo, kikilinganishwa na adhabu za nje, hakina athari kwa kurudia uhalifu au kinakuongeza kidogo.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ni sare, kwa nini nipendelee upande mmoja? Kwa sababu sare hii haiko kati ya vitu viwili vya bei moja. Kifungo kinamgharimu mlipakodi chakula, askari na jengo, kinaigharimu familia msimu wake, na kinamweka mkosaji mdogo usiku na mchana pamoja na wazoefu. Ikiwa baada ya gharama zote hizo mtu anatoka akiwa sawa na yule aliyefyeka nyasi za hospitali, basi kifungo ndicho kinachopaswa kujieleza. Hilo ndilo tafiti zinaloturuhusu kusema, na linatosha.

Upo utafiti mmoja unaokwenda kinyume, na anayetafuta ukweli hapaswi kuuficha. Nchini Norway, Manudeep Bhuller na wenzake walichapisha mwaka 2020 matokeo yaliyotumia ukweli kwamba kesi hugawiwa kwa majaji bila kuchagua, baadhi yao wakali na wengine wapole. Waliofungwa kwa sababu tu walimwangukia jaji mkali walirudia uhalifu kidogo kuliko wenzao, hasa wale ambao hawakuwa na kazi kabla ya kufungwa, na maelezo ni kwamba gerezani walipata mafunzo na baada ya hapo wakaingia katika ajira. Gereza la Norway lina nafasi, lina walimu, na nje yake kuna soko la ajira linalompokea mtu. Uganda nayo ina mifano ya gereza linalofundisha. Susan Kigula, ambaye kesi yake ndiyo iliyoifanya Mahakama ya Juu mwaka 2009 ithibitishe kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba, alisoma sheria akiwa katika gereza la Luzira na kupata shahada ya Chuo Kikuu cha London. Lakini alikaa huko zaidi ya miaka kumi. Mtu wa miezi mitatu hafiki popote katika useremala wala ushonaji. Anatoka kabla hajajua kupima ubao. Kwa hiyo hata utafiti unaolitetea gereza hautetei kifungo kifupi katika gereza lililofurika.

Kuhusu takwimu za nyumbani, Huduma ya Magereza ya Uganda hutangaza kiwango cha kurudia uhalifu kilicho chini ya asilimia 20, na hukitaja kama mojawapo ya viwango vya chini barani. Sina sababu ya kukikataa, lakini msomaji anapaswa kujua namba kama hiyo inahesabu nini. Inamhesabu mtu aliyerudi gerezani na akatambuliwa kwamba amewahi kuwamo. Aliyerudia kuiba asikamatwe hahesabiwi, wala aliyepigwa na wanakijiji na kufukuzwa, wala aliyehamia wilaya nyingine na kujitaja kwa jina tofauti. Tahadhari hiyohiyo inaihusu huduma kwa jamii: ripoti inayosema kwamba wengi walimaliza kazi yao inaeleza utii kwa amri, na utii kwa amri ni jambo tofauti na kuacha wizi. Atakayetaka kulinganisha adhabu hizi mbili kwa haki nchini Uganda atalazimika kuwafuata watu wa makundi yote mawili kwa muda uleule na kwa kipimo kilekile, ikiwezekana kwa alama za vidole badala ya majina.

Rumande ndiyo kifungo kifupi halisi

Ulinganisho wote uliotangulia unachukulia kwamba mtu anafika mbele ya hakimu akiwa huru, kisha anachaguliwa adhabu. Nchini Uganda, kwa maskini, mara nyingi haiwi hivyo. Katiba ya mwaka 1995 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Baada ya hapo anaweza kuomba dhamana, na kwa makosa yanayoweza kusikilizwa na mahakama za chini, akikaa rumande siku 60 kesi yake haijasikilizwa, Katiba inaagiza aachiliwe kwa dhamana. Lakini dhamana inahitaji wadhamini, wadhamini wanahitaji vitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mwenyekiti yuko Kamuli ilhali mshtakiwa alikamatwa Kampala. Siku zinakwenda. Mtu anakaa wiki sita au nane rumande kwa kosa ambalo lingemletea huduma kwa jamii ya wiki mbili.

Ndiyo maana nasema ubora wa huduma kwa jamii hupungua kila siku. Mtu akishakaa miezi miwili ndani, pikipiki imekwenda, shamba halikupandwa, na amekwisha kuishi na wale ambao adhabu hii ilikusudiwa kumwepusha nao. Kumpa huduma kwa jamii wakati huo ni kumwongezea adhabu ya pili juu ya ile ambayo hakuna aliyeitamka. Katiba inataka muda wa rumande uzingatiwe pale mtu anapohukumiwa kifungo, na kwa maoni yangu hakimu anapaswa kuupima vivyo hivyo anapotoa amri ya kazi: kama mtu amekwisha kukaa ndani muda unaozidi uzito wa kosa lake, amwachie aende.

Kwa upande wa sera, hitimisho lake ni zito kuliko linavyoonekana. Shilingi inayotumika kumleta mshtakiwa mdogo mbele ya hakimu siku ya pili na kuthibitisha makazi yake kwa simu itaokoa zaidi ya shilingi inayotumika kutafuta mahali pa kumpa kazi baada ya miezi miwili. Na kuna hatua ya kabla ya hapo, yaani kuacha kuwakamata watu kwa makosa yasiyostahili kuitwa makosa. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya Sheria ya Kanuni za Adhabu vilivyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kuonekana tu kama mzururaji asiye na njia ya kujikimu. Kwa vijana wa mijini, uamuzi huo una uzito kuliko programu nyingi za adhabu mbadala, kwa sababu unamwondoa mtu katika foleni kabla hajaingia.

Ipo hatari ndani ya haraka hii, na familia inapaswa kuijua. Huduma kwa jamii hutolewa kwa aliyetiwa hatiani, na njia fupi ya kufika huko ni kukiri kosa. Katiba inamhakikishia mtu wakili kwa gharama ya serikali pale tu adhabu inayomkabili ni kifo au kifungo cha maisha. Mwizi wa kuku hana wakili. Basi anaweza kunong'onezwa na mahabusu wenzake, au hata na askari, kwamba akikiri atakwenda nyumbani kesho. Ambaye hakutenda kosa asikubali mpango huo. Atabaki na rekodi ya hatia, na akija kushukiwa tena, rekodi hiyo itakuwa ya kwanza kusomwa.

Faini

Faini ina maelezo mafupi. Kwa mwenye kipato ni adhabu safi: analipa benki, anarudi kazini, gereza halimwoni. Kwa asiye na kitu faini ni kifungo kilichocheleweshwa, kwa kuwa hukumu yenyewe husema alipe kiasi fulani au atumikie miezi fulani. Watu wawili wenye kosa moja na faini moja huishia mmoja sokoni na mwingine Luzira. Finland ilijaribu kulitatua hilo tangu mwaka 1921 kwa kuhesabu faini kwa siku za kipato cha mkosaji, lakini mfumo huo unategemea serikali inayojua kila mtu anapata nini, na nchini Uganda wengi wanaishi kwa biashara ndogo na kilimo kisichoandikwa popote. Jingine ni kwamba faini huingia katika hazina ya serikali. Aliyeibiwa hapati kitu isipokuwa hakimu ametoa amri tofauti ya fidia, amri ambayo sheria ya mahakama za mahakimu inaiwezesha na ambayo mlalamikaji anapaswa kuiomba waziwazi kupitia mwendesha mashtaka. Nisingependekeza faini kwa mtu ambaye lazima auze mbuzi wa familia ili ailipe. Ikiwa mbuzi atauzwa, afadhali fedha ziende kwa aliyekosewa.

Anayesimamia

Huduma kwa jamii husimama au huanguka kwa mtu mmoja ambaye jina lake halionekani katika sera: mwuguzi mkuu wa kituo cha afya, mwalimu mkuu, au ofisa wa kata ndogo anayempokea mkosaji asubuhi. Chombo chake cha kazi ni daftari la mahudhurio: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, kazi iliyofanywa, sahihi mbili. Kazi zenyewe ni kufyeka nyasi, kusafisha mitaro, kuchota maji, kupanda na kumwagilia miche. Mwuguzi huyo ana wagonjwa sitini barazani. Akikosa muda, atatia sahihi za wiki nzima siku ya Ijumaa, na adhabu itakuwa imekuwa karatasi. Akikosa uadilifu, mkosaji ataonekana akipalilia mihogo ya bosi nyumbani kwake, jambo ambalo ni kinyume cha maana ya kazi ya umma na ambalo mkosaji ana haki ya kuliripoti mahakamani au kwa ofisa wa huduma kwa jamii wa wilaya.

Kwa hiyo kamati ya wilaya inapochagua mahali pa kuwapeleka watu, isianze na orodha ya taasisi zenye kazi nyingi. Ianze na orodha ya taasisi zenye mtu anayefika kazini kila siku na asiyehamishwa hovyo. Umbali nao una uzito wake: mtu anayelazimika kupanda bodaboda ya shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi atashindwa baada ya siku chache, hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Kuonekana na kutoonekana

Ripoti za mwaka za polisi wa Uganda huorodhesha vifo vya watu waliouawa na kundi la watu waliojichukulia sheria mkononi, na hesabu hiyo huwa ni mamia. Nimeliweka hili karibu na mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kubatilisha yote yaliyotangulia. Mwizi aliyekamatwa Jumatatu na kuonekana Jumatano akinywa chai kwenye kibanda kilekile, bila wanakijiji kuambiwa lolote, anaweza kuuawa akikamatwa mara ya pili, kwa kuwa watu wamehitimisha kwamba polisi na mahakama hununuliwa. Hapo adhabu ya nje ya gereza, iliyokusudiwa kumlinda, inamweka hatarini.

Jibu la hofu hii haliko katika kumfunga kila mtu. Liko katika kuifanya adhabu ijulikane. Kazi ifanywe mahali ambapo watu wa eneo hilo hupita, mlalamikaji aelezwe hukumu kabla mkosaji hajafika nyumbani, na mwenyekiti wa LC1 aitangaze kikaoni kama anavyotangaza mambo mengine. Kutangaza si kudhalilisha; mtu asivikwe bango shingoni wala kuimbiwa. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 126, inataka mahakama ziwape waathirika fidia inayofaa na zihimize upatanisho, na sheria inamruhusu hakimu kusaidia upatanisho katika makosa madogo ya binafsi kama shambulio la kawaida. Kazi ya umma inayokwenda pamoja na fidia na maneno ya kuomba radhi mbele ya wazee ina nafasi kubwa ya kupokelewa kuliko kazi ya umma peke yake.

Nani achague nini

Kwa aliyetenda kosa dogo mara ya kwanza, mwenye makazi yanayothibitika na mtu anayemtegemea, huduma kwa jamii karibu na nyumbani pamoja na fidia, mradi iamuliwe ndani ya siku za mwanzo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hivyohivyo, na saa zake zipangwe zisizidi anazoweza. Sheria imeweka kikomo cha juu tu na hakuna kinachomzuia hakimu kwenda chini. Kwa mwenye mshahara au duka, faini na fidia zinatosha, na nafasi ya kazi ya jamii iachiwe asiye na fedha. Kwa aliyekwisha kukaa rumande zaidi ya uzito wa kosa lake, onyo na kuachiliwa. Kifungo kifupi nakibakiza kwa watu wawili tu: aliyepewa amri ya kazi akaivunja kwa makusudi baada ya kuonywa, na yule ambaye amerudia kosa dhidi ya mlalamikaji yuleyule kiasi kwamba kijiji hakiwezi kumvumilia bila kumwaga damu. Hata kwao sidai kwamba gereza litawabadilisha. Nadai tu kwamba muda wa utengano una faida inayoonekana.

Kabla ya kutamka kwamba anakubali, mshtakiwa aulize mambo manne, na asione haya kuyauliza mbele ya hakimu: nitafanya kazi gani na wapi, nitafikaje, nani atatia sahihi daftari langu, na nikiugua nimwarifu nani. Kama hakuna anayeweza kujibu swali la tatu, amri hiyo haijawa tayari, na hakimu anaweza kuombwa aiahirishe kwa siku moja huku mshtakiwa akiwa nje kwa dhamana.